Kwenda na Kupita

Marehemu mume wangu aliwahi kusema maneno matatu, na maneno hayo ndiyo yaliyokuja kunitoa kwenye eda yake. Alisema, "Ukienda Korogwe, umeachika."

Aliyasema mchana kweupe, uani kwetu hapa Kwaluguru, mbele ya dada yake aliyekuwa anapepeta mahindi ya kande. Hakupiga kelele. Alikuwa Mzigua wa kimya, na akikasirika ndiyo anaongea taratibu zaidi, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Alisema, akachukua kofia yake, akaenda kuswali.

Ugomvi ulikuwa juu ya dada yangu. Dada alikuwa anaishi Korogwe mjini na mtoto wa manamba, wale waliokuja zamani kukata mkonge. Mwanaume huyo alikuwa Mkristo, ndoa yao haikupita msikitini, na nyumbani kwao pombe iliuzwa. Mimi nilikuwa nakwenda kumtembelea, nalala siku mbili tatu. Mara ya mwisho nilirudi na kanga inanuka. Mlevi mmoja alikuwa amenimwagia, mimi pombe sijawahi kuionja. Mume wangu aliinusa ile kanga, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kinu. Halafu akasema hayo maneno.

Kwetu Waislamu talaka ya namna hiyo haina mzaha. Mwanamume akiifunga kwenye sharti, siku sharti likitimia talaka imepita, hata kama yeye amelala usingizi. Kwa hiyo nikakaa. Korogwe nikaifuta.

Hazikuisha wiki tatu nikaletewa habari kwamba mama anaumwa sana. Mimi si wa huku bondeni. Mimi ni Msambaa, nimezaliwa Dindira, juu kwenye chai na baridi. Mume wangu alikuwa Kwamsisi kwa mjomba wake, anasaidia kuvuna, na simu wakati huo hatukuwa nazo. Nikafunga mtoto mgongoni. Wifi yangu aliniona nikitoka na kapu.

"Unakwenda wapi?"

"Mlimani. Mama hali yake mbaya."

"Mlimani unapitia hewani?"

"Napita tu, wifi. Sikai."

Aliniangalia mpaka nikapotea kwenye mihindi. Na alikuwa na haki ya kuniangalia. Kutoka huku kwetu Handeni kwenda Dindira njia yetu ilikuwa hiyo moja. Unashuka stendi ya Korogwe, unangoja gari la mlimani, unapanda. Lazima uikanyage.

Nilikaa mlimani siku kumi na moja. Mama akapata nafuu. Niliporudi nilimkuta mume wangu amekaa kwenye kigoda anatia mpini kwenye jembe. Nilisimama pale uani na mtoto mgongoni, sikuthubutu kuvua viatu. Nikamwamkia, akaitikia.

"Mama yako vipi?"

"Anaendelea vizuri. Anakusalimia."

Akagonga mpini chini mara mbili, akautazama kama umekaa sawa. Halafu akasema, "Maharage yako jikoni. Yapashe."

Nikayapasha, tukala. Hatukulizungumza neno lile siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Mwaka uliofuata nikamzaa binti yangu wa mwisho. Tukalima, tukaozesha, tukazika wazazi wake na wangu, tukazeeka. Zaidi ya miaka arobaini nilipasha maharage ya mtu yule.

Alifariki mwaka jana, mahindi yakiwa yameshaingia ghalani. Alianguka shambani, siku ya pili akafa. Tulimzika vizuri, watu walijaa. Mimi nikavaa shuka jeupe, nikakaa eda. Mke aliyefiwa anakaa miezi minne na siku kumi. Hatoki bila dharura, hajipambi, hapokei posa. Kwa umri wangu posa ingetoka kwa nani sijui, lakini si hoja. Eda ndiyo kazi ya mwisho mke anayomfanyia mume. Nilikuwa nimemfulia, nimempikia, nimemfunga vidonda. Hii nayo nilitaka kuifanya mpaka mwisho.

Siku ya nne, tanga limeshaanuliwa, wifi akaja jikoni. Tumezeeka wote, yeye goti moja halikunji. Akakaa kwenye mkeka, akavuta pumzi.

"Wifi, nina jambo linanikaba. Wewe ulikwenda Korogwe."

"Nilipita."

"Mimi nilisikia alivyosema. Nimekaa nalo miaka yote kwa sababu kaka yangu alikuwa hai, na alikuwa mtu mzima, anajua dini yake. Sasa yuko kaburini. Kama aliishi na mwanamke asiye mke wake, hilo liko shingoni kwake, na mimi niliyejua nikanyamaza liko shingoni kwangu. Tumwite shehe aseme."

"Na shehe akisema siyo?"

"Nitakupigia magoti na goti langu hili bovu."

Sikumchukia. Nasema kweli, sikumchukia. Angekuwa na uchoyo wa urithi ningejua la kufanya. Alikuwa anaogopa kwa ajili ya kaka yake, na mtu anayeogopa hivyo huwezi kumfukuza jikoni kwako.

Nyumbani alikuwepo mjukuu wangu wa kike, mtoto wa yule binti wa mwisho. Mama yake anashona nguo Tanga; alikuja kuzika akarudi kwenye cherehani yake. Huyu mjukuu alisoma chuo kikuu, akamaliza, kazi hakuna, akaja kukaa na sisi wazee. Wanawake kisimani walimuuliza amesomea nini. Akasema falsafa. Mmoja akamuuliza, "Hiyo inatibu nini?" Naye akajibu, "Haitibu, inauliza panapouma." Wakamcheka mwezi mzima.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini masikio ninayo, na jioni tukimenya mbaazi alikuwa ananieleza. Alisema walimu wa elimu yake wamegawanyika. Wako walimu wa herufi, na wako walimu wa maneno. Wale wa herufi wanaona maneno ya watu yamejaa uchafu, mtu anasema hiki anaelewa kile. Wao wanayapepeta mpaka zinabaki herufi tupu na alama, kisha wanahesabu kama hesabu, na jibu linatoka lenyewe. Hakuna huruma ndani yake wala chuki. Wale wa maneno wanasema hapana, ukilipepeta neno kiasi hicho umetupa chakula umebaki na pumba. Neno, wanasema, ulitazame kwa watu wanaolitumia: wanalisema lini, kwa nani, na baada ya kulisema wanafanya nini.

"Na wewe uko upande upi?"

"Natumia yote mawili, bibi."

"Mwenye kuendesha baiskeli mbili ataanguka."

Akacheka. Akanifundisha ya kwao. Alisema sentensi yenye "kama" na "basi" kwa herufi inavunjika mahali pamoja tu: sharti litimie, halafu linalofuata lisitokee. Kwingine kote inasimama. Nikamjaribu.

"Kama mimi ni ng'ombe, basi wewe ni ndama."

"Hiyo ni kweli, bibi."

"Kweli ya wapi?"

"Kwa sababu wewe si ng'ombe. Linalotangulia likiwa la uongo, sentensi nzima inapita."

"Na kama mimi ni ng'ombe, basi wewe ni waziri?"

"Nayo inapita."

"Haya, mheshimiwa, maliza mbaazi zako."

Siku ile wifi aliponiambia, mjukuu alikuwa mlangoni anachota maji mtungini, alisikia yote. Wifi alipoondoka alitoa daftari lake, akakaa chini karibu yangu. Akaandika herufi moja, akasema hii ni "bibi amekwenda Korogwe". Akaandika nyingine, hii ni "bibi ameachika". Katikati akachora mshale. Chini yake akaandika ile ya kwanza peke yake, akapiga mstari.

"Mbona umesimama? Si useme jibu."

"Jibu ni baya."

"Nimekuuliza kama ni baya?"

"Kwa herufi umeachika, bibi. Tukikubali tu kwamba ulikwenda, hakuna pa kuponea. Hata wakija walimu wangu wote hapa."

Niliangalia ile karatasi. Mistari mitatu, hata kiganja haijazi. Nikaona maisha yangu yote yanaweza kuingia pale na nafasi ikabaki. Nikamwambia aichane. Hakuichana, aligeuza ukurasa.

"Tuache herufi," akasema. "Tuangalie neno lenyewe. Kwenda. Babu aliposema Korogwe alikuwa anasema nini? Alikuwa anakataza stendi?"

"Stendi akataze ya nini. Alikuwa anakataza nyumba ya dada yangu."

"Basi hapo ndipo. Mtu anayeshuka stendi akapanda gari jingine, hapa kwetu hatusemi amekwenda. Tunasema amepita. Babu mwenyewe alijua, ndiyo maana hakukufukuza. Bibi, tutashinda. Wewe shehe akikuuliza jibu unachoulizwa, usiongeze."

Hapo nilipaswa kumwambia, na sikumwambia.

Siku ile ya kwenda mlimani gari lilichelewa. Nilikaa stendi, mtoto analia, na moyo unaniambia mama huenda anakufa na dada yangu hana habari. Kutoka stendi mpaka kwake ni mwendo mfupi, hata chungu cha wali hakiivi. Nilikwenda. Sikuingia ndani. Nilisimama mlangoni, nikamwambia, "Mama anaumwa, mimi natangulia." Akanipa maji, nikanywa nimesimama, nikarudi stendi nikiwa karibu nakimbia. Basi. Dada yangu amekwisha kufa, hakumwambia mtu. Mimi pia sikumwambia mtu. Na mume wangu hakuwahi kuniuliza.

Shehe alikuja siku ya saba, asubuhi, kwa pikipiki. Ni kijana kwangu. Baba yake ndiye aliyetufungisha ndoa. Aliniamkia shikamoo kwanza ndipo akakaa. Tulikuwa sisi watano tu sebuleni: shehe, wifi, shemeji yangu mdogo wake marehemu, mjukuu, na mimi nyuma ya pazia kidogo kwa sababu ya eda.

Wifi alieleza. Hakuongeza chumvi hata punje. Alisema alichosikia, alichoona, na nilivyomjibu kuhusu kupita. Shemeji yeye akadai hata hayo ya kupita hayana haja. Akaomba kitambulisho changu cha taifa. Mjukuu akakileta. Shemeji akavaa miwani.

"Mahali pa kuzaliwa, Korogwe. Serikali imeandika. Dindira iko wilaya ya Korogwe, shehe. Alipokwenda kwao alikwenda Korogwe. Amelala huko siku kumi na moja."

Shehe akamtazama mjukuu, maana aliona ameinua mkono kama yuko darasani. Akamruhusu.

"Babu mdogo, bibi akitoka kwao watu wanamuuliza ametoka wapi?"

"Wanamuuliza."

"Anajibu nini?"

Shemeji akasita. "Mlimani."

"Umewahi kumsikia mtu hapa Kwaluguru anamwita mtu wa Dindira mtu wa Korogwe?"

"Tunawaita Wasambaa."

"Na mnapotaka kuwaudhi?"

"Wala viazi," akasema wifi, na shehe akafunika mdomo kwa kiganja.

Shehe akasema hilo limekwisha. Marehemu hakusema kwa mdomo wa serikali, alisema kwa mdomo wake. Likabaki la stendi. Mjukuu akamgeukia tena shemeji.

"Babu mdogo, mwezi uliopita ulisafiri?"

"Nilikwenda Tanga, macho."

"Ulikwenda na Segera?"

"Segera nina nini mimi?"

"Lakini gari lilisimama Segera, ukashuka, ukatuletea machungwa."

"Hiyo nilipita, we mtoto."

Akasikia alichosema. Akavua miwani. Shehe akacheka wazi safari hii, akasema, "Mzee, umefungwa na machungwa yako." Hata wifi alitabasamu. Mimi nyuma ya pazia nilihisi mgongo unalegea, kitu ambacho hakikuwa kimetokea tangu mazishi.

Shehe akauliza, "Basi Korogwe aliyoikataza marehemu ni ipi?"

Mjukuu akajibu bila kusita, "Ni nyumba ya dada yake bibi. Neno lilikuwa Korogwe, lakini alilolikusudia ni mlango ule mmoja. Na wifi mtu alikuwepo, atasema."

Wifi akasema, "Hilo kweli. Alikuwa anaikataza nyumba ile. Stendi hakuwa na habari nayo." Na niliona kwa sauti yake amefurahi. Goti alikuwa tayari kulipiga.

Shehe akakunja karatasi aliyokuwa anaandikia. Akasema mambo ya talaka yanatazamwa kwa nia ya msemaji na kwa mazoea ya watu wa mahali, na kwamba binti amesema vizuri. Akaanza kuomba dua ya kufunga kikao. Halafu akasimama kidogo, nadhani kwa utaratibu tu, ili lisibaki swali.

"Bibi, samahani. Siku ile, kwenye nyumba ile, hukufika?"

Mjukuu alinigeukia akiwa anacheka. Alikuwa na uhakika. Uso ule siusahau.

Ningeweza kusema sikuingia. Ingekuwa kweli, miguu yangu haikuvuka kizingiti. Mjukuu angechukua hilo neno "kuingia" akalipigania mpaka magharibi, na huenda angeshinda. Lakini nilikuwa nimevaa shuka la mtu aliyekufa, na niliulizwa kufika, sikuulizwa kuingia. Nikasema, "Nilifika. Nilisimama mlangoni, nikamwambia dada mama anaumwa, nikanywa maji, nikaondoka."

Jogoo akaingia, hakuna aliyemfukuza.

Mjukuu akasema, "Bibi." Hilo tu.

Ndivyo ilivyokuwa. Nilikimbia herufi nikaenda kwenye maneno, na maneno yakanisubiri palepale. Kama tungebaki na Korogwe ya shemeji, Korogwe ya serikali, ningekuwa nabishana na kitambulisho. Sisi tukatafuta alichokusudia mwenyewe, tukakitafuta kwa bidii, tukakipata, nacho kilikuwa mlango nilioufikia.

Mjukuu hakukubali. Alirudi kwenye herufi. Akasema, shehe, tugeuze. Sentensi inasema akienda ameachika. Lakini babu aliishi naye kama mke miaka yote, kwa hiyo hakuachika. Kama hakuachika, basi kule kwenda kwake hakukuwa kule kwenda alikokusema babu. Inatoka. Kwa herufi inatoka safi.

Shehe alimsikiliza mpaka mwisho. Akamjibu kwa upole, kama anayeongea na mgonjwa.

"Binti, hesabu yako ni ya habari. Mtu akisema mvua inanyesha, anaweza kuwa amekosea, tukatoka nje tukatazama. Lakini mtu akisema nimekuacha, hatutoki nje kutazama. Hajatoa habari. Amefanya kitu. Babu yako hakutabiri kwamba bibi ataachika. Alimwacha, akaning'iniza kule kuacha kwenye mlango."

Mjukuu akainamisha kichwa. Baadaye aliniambia hayo hayo alifundishwa chuo, na walimu wa maneno, na aliyajibu kwenye mtihani akapata vizuri.

Nadhani shehe naye alikuwa ananitafutia njia. Akaniuliza, baada ya kurudi, kabla eda ya talaka haijaisha, marehemu alinirejea? Talaka moja ina rujua, mume anaweza kumrudisha mke bila ndoa mpya. Nikamuuliza kurejea ndiyo kunakuwaje. Akasema, atamke. Aseme nimekurejea, au nimekurudisha, au neno lenye maana hiyo.

"Alisema maharage yako jikoni, yapashe."

Hakuna aliyecheka. Ningependa mtu acheke.

Mjukuu akasema, na sasa alikuwa analia, "Shehe, mwanaume wa hapa akimrudisha mkewe anasemaje? Umewahi kumsikia mwanaume wa Kizigua akisema nimekurejea? Anasema funga mbuzi. Anasema chai iko wapi. Hilo ndilo neno lenyewe."

Shehe akasema wako wanachuoni wanaosema kuishi pamoja kunatosha, lakini sisi huku tangu babu zetu tumefuata kauli ya kutamka. Na akasema tena, hata ukiyahesabu maharage kuwa tamko, mtu anarejea anachojua kimemtoka. Akanigeukia.

"Alijua kwamba ulifika mlango ule?"

"Hakujua."

"Ulimwambia siku yoyote?"

"Hapana."

"Basi hakukurejea, bibi. Alikuwa anamkaribisha mke aliyedhani hajamwacha."

Nimelizungusha hilo mpaka leo sijapata upenyo. Shehe alisema watoto wote ni wa baba yao, hata huyo aliyezaliwa baadaye, maana waliowazaa walidhani ni mume na mke, na sheria inawahifadhi kwa kudhani huko. Dhambi hakuna kwa marehemu, hakujua. Kila mtu alipata mahali pa kusimama. Akafikia kwangu akasema, "Bibi, huna eda. Uko huru."

Shehe alikataa chai, akaondoka. Shemeji alimfuata nje, wakaongea kidogo kwenye pikipiki, sijui nini. Wifi alibaki amekaa. Alikuwa analia bila sauti, machozi yanashuka kwenye mikunjo.

"Nilitaka aseme siyo, wifi. Nilimwita ili aseme siyo."

"Najua."

"Ungesema hukufika."

"Na wewe ungenyamaza miaka mingine."

Akashika goti, akainuka kwa shida, mimi nikamshika mkono. Tangu siku hiyo sijui nimwite nani. Wifi ni dada wa mume. Tunaitana hivyo hivyo, lakini kila mmoja akilitamka analiweka chini haraka.

Mjukuu alikuja jioni na daftari. Alisema amefikiri, kuna njia nyingine. Kwamba sharti la babu labda lilikuwa na mwisho wake, kwamba lilikuwa la hasira ya wiki ile na si la milele, kwamba kuna watu wameandika juu ya maneno yanayokwisha nguvu. Nilimwacha aongee mpaka alipochoka. Nikamuuliza, "Hizo njia zako, iko hata moja ambayo inamfanya babu yako ajue?"

Akasema hakuna.

"Basi funga daftari ule."

Aliondoka mwezi uliofuata, anafundisha watoto Mkata, shule ya watu binafsi, somo sijui gani. Si falsafa. Akipiga simu tunaongea habari za mvua.

Mimi sikuondoka hapa nyumbani, watoto wa marehemu wamesema nikae, na nyumba ni yao kwa urithi, kwa hiyo nakaa kwa wanangu. Shuka jeupe nililifua nikalianika, likakauka, nikalitazama. Nikalivaa tena. Sikutoka miezi ile minne na siku kumi. Nilikaa chumbani, sikupaka mafuta, sikwenda shambani, nikahesabu siku kwa punje za mahindi kwenye kopo. Yote niliyafanya kama inavyotakiwa. Lakini mwanamke asiye mke hawezi kukaa eda. Anakaa tu. Mtu akiniangalia kwa dirishani hawezi kuona tofauti, na tofauti ipo, na mimi ndiye niliyeitamka.

Jirani walikuwa wanakuja kunipa pole, maana habari ilikuwa imeshazunguka kijiji kizima. Siku za kwanza, kabla ya shehe, walikuwa wanasema, "Pole kwa kufiwa na mume." Baada ya hapo wakawa wanakaa kidogo, wanatazama shuka, wanatazama chini, halafu wanasema, "Pole na msiba," kama unavyomwambia mtu yeyote ambaye msiba umetokea karibu na kwake.

Nami nilikuwa naitikia, "Nimeshapoa."